Lita Hazisemi Nani Alimmiminia Nani

Nikiulizwa ni taifa gani linalokunywa sana, nami huuliza: sana kwa namna gani? Kazi yangu ni kulinganisha unywaji wa jamii mbalimbali, na takwimu inayopendwa kuliko zote, lita za alkoholi safi kwa kila mtu mzima kwa mwaka, ndiyo inayonisumbua zaidi. Inachanganya glasi ya mvinyo ya kila mlo na chupa ya vodka iliyomalizwa usiku mmoja. Tena inamgawia kila mtu, ilhali kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani zaidi ya nusu ya watu wazima hawagusi pombe mwaka mzima.

Mfano nisiochoka kuutoa ni wa Wacamba wa mashariki mwa Bolivia (wasichanganywe na Wakamba wa Kenya). Mwanaanthropolojia Dwight Heath aliishi nao miaka ya 1950. Kinywaji chao, kinachotokana na miwa, kilipopimwa kilikutwa na alkoholi asilimia 89. Walikunywa hadi kulewa chakari kila mwisho wa wiki na kila sikukuu, mara nyingine siku mbili mfululizo. Lakini tazama walivyokunywa: chupa moja, glasi moja, watu wameketi duara. Mwenyeji hujaza glasi, humsogelea amtakaye, husema "salud" (kwa afya yako), hunywa nusu kwa mkupuo mmoja na kumkabidhi mwenzake amalizie. Aliyemalizia hujaza tena na kuchagua mwingine. Aliyezidiwa husinzia palepale, akiamka anaendelea. Heath hakuona ugomvi wala matusi, na hakuna aliyekunywa peke yake.

Mwaka 1969 watafiti Craig MacAndrew na Robert Edgerton walikusanya mifano mingi ya namna hiyo, wakasema kwamba tabia ya mlevi hufunzwa. Kuyumba na ulimi kuwa mzito ni kazi ya pombe yenyewe. Kupigana, kulia au kuimba, mtu amejifunza kwao. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Ila mwili nao una neno: watu wengi wa Asia ya Mashariki wamerithi kimeng'enya dhaifu cha kuvunja asetaldehaidi (sumu inayotokea mwili unaposaga pombe), hivyo uso huwa mwekundu na moyo kwenda mbio kwa glasi moja tu.

Kinachonikera ni sifa zinazomwagiwa mvinyo wa mezani wa Italia na Ufaransa, kana kwamba ustaarabu wa meza unakinga. Walevi barabarani walikuwa wachache, kweli, lakini katika miaka ya 1970 nchi hizo mbili zilikuwa miongoni mwa zilizoongoza kwa vifo vya ugonjwa wa ini kusinyaa. Kunywa kidogo kidogo kutwa kucha hakuleti fujo, na ini linaumia kimyakimya.

Wala mtindo hauhamishiki kwa sheria. Mwaka huohuo wa 1969 Finland iliruhusu bia yenye kilevi cha wastani iuzwe kwenye maduka ya vyakula, kwa matumaini kwamba watu wangepunguza pombe kali. Unywaji ulipanda kwa asilimia 46 ndani ya mwaka mmoja. Pombe kali haikuondoka. Bia iliongezwa juu yake. Ndiyo maana katika dodoso zangu, kabla ya kuuliza glasi ngapi, nauliza kwanza: ulikuwa na nani, mlikuwa mnakula, na nani alikumiminia?