Mwenendo wa kazi kwa msaidizi wa mtandaoni: maana yake hasa

"Sawa boss" ni maneno mawili yaliyowahi kunikosesha kazi. Nilikuwa mgeni kwenye usaidizi wa mtandaoni, nafanyia chumbani kwangu Tabata, Dar es Salaam. Saa mbili usiku mwenye biashara akaniandikia nibadilishe bei za mzigo mpya kabla hakujapambazuka. Nikajibu "sawa boss". Kwangu ilikuwa na maana kwamba ujumbe nimeuona. Kwake ilikuwa na maana kwamba alale, kazi imeisha. Saa tatu umeme ukakatika, simu ikazima, nami nikalala. Asubuhi wateja watatu walikuwa wameshalipia kwa bei ya zamani. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Tulikuwa tu hatujakubaliana "sawa" ni nini.

Kukubaliana kwa namna hiyo, kabla mambo hayajaharibika, ndiko kunakoitwa kuweka matarajio ya mwenendo wa kazi.

Msaidizi wa mtandaoni ni mtu anayefanya kazi za ofisi akiwa mbali na mwenye ofisi: anajibu jumbe, anapanga miadi, anatunza orodha ya oda, anafuatilia malipo, anapakia picha za bidhaa. Hayo ni majukumu. Mwenendo ni jinsi anavyojiweka wakati anayatimiza. Kujibu wateja ni jukumu. Kumjibu mama wa miaka sitini "niambie mamii" wakati yeye ameanza na salamu kamili, hilo ni suala la mwenendo. Watu wengi huandika majukumu ukurasa mzima, mwenendo wakaupa mstari mmoja.

Dukani Kariakoo mambo haya hayahitaji karatasi. Kijana anayeanza kazi mtaa wa Kongo humtazama tu mwenye duka: anavyomkaribisha mteja, anavyokataa kushusha bei bila kumuudhi mtu, anavyofunika daftari la madeni mgeni akisogea kaunta. Akikosea, anakonyezwa. Msaidizi aliyekaa Mbagala na simu yake hana wa kumkonyeza. Kazi iliyokuwa ikifanywa na jicho, sasa inabidi ifanywe na maandishi.

Lakini maandishi gani? Nimeona makubaliano yasemayo: "Msaidizi awe mwaminifu, mwenye heshima na mchapakazi." Hizo ni sifa za kutafutia mchumba. Mkigombana, kila mmoja atakuwa na heshima yake kichwani. Tarajio linalofaa ni lile ambalo watu wawili wakifungua mazungumzo yaleyale ya WhatsApp wataona jambo moja: limefanyika au halikufanyika. "Mteja ajibiwe ndani ya dakika 30, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni." "Hakuna kuahidi punguzo bila kuuliza." "Mteja akitukana, usimjibu. Nitumie mazungumzo nishughulike naye mimi." Kuhusu ile "sawa" iliyoniponza, sasa natumia maneno matatu na kila mwenye biashara ninayemfanyia kazi: "nimeona", "naanza", "tayari". Yanachosha siku mbili za mwanzo, halafu yanazoeleka.

Saa nazo zina mtego wake kwetu. Mwenye kazi akiwa London, anaposema saa 9 asubuhi, huku Dar ni saa tano wakati wa kiangazi chao na saa sita mchana wakati wa baridi, maana wao husogeza saa Machi na Oktoba nasi hatusogezi. Ukichanganya na msaidizi anayesoma 9 kama saa tisa alasiri, kikao kimekwenda. Andikeni saa kwa mtindo mmoja na mtaje ni saa za mji upi.

Umeme na bando usivifanye makosa ya nidhamu. Kosa ni kunyamaza. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, intaneti iliyumba nchi nzima, na hakuna msaidizi angeweza kulaumiwa kwa hilo. Kinachoweza kudaiwa ni taarifa kupitia njia ya pili mliyokubaliana, kwa mfano SMS ya kawaida: "Umeme umekatika, chaji asilimia 20, oda mbili hazijajibiwa." Na nani ananunua bando? Hilo nalo liandikwe, kwa sababu mwenye kazi pia ana mwenendo wake. Kutuma sauti za ukali saa sita usiku, kisha kulipa tarehe 9 badala ya tarehe 1, ni mwenendo pia, ingawa hauitwi hivyo mara nyingi.

Wapo wanaodhani haya ni mapambo ya ofisi za kizungu. Sheria zetu zenyewe zinayagusa. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, zinapopima kama mtu aliachishwa kwa haki kwa utovu wa nidhamu, huuliza: je, kulikuwa na kanuni? Ilikuwa ya busara na wazi? Mfanyakazi aliijua, au alitarajiwa aijue? Imekuwa ikitumika kwa wote sawasawa? Mwajiri aliyebaki na "alitakiwa ajue tu" ana kazi kubwa mbele ya wasuluhishi. Na usijifiche nyuma ya neno kibarua: Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwa dalili kama vile kumpangia saa za kazi, au kukufanyia wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu.

Siri za wateja ndizo ningeziandika kwa wino mzito zaidi. Msaidizi ana namba za simu, anuani, mara nyingine picha za vitambulisho. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hatari kubwa siyo mwizi wa mtandaoni. Ni mdogo wake msaidizi anayeazima simu jioni kuangalia mpira, au skrinishoti ya mteja msumbufu iliyowekwa steitasi ili watu wacheke. Kwa hiyo: simu ya kazi haiazimwi, skrinishoti haitoki nje ya watu wawili, na namba ya siri ya malipo haitumwi kwenye ujumbe hata mkiwa ndugu.

Halafu kuna laini. Siku hizi laini husajiliwa kwa alama za vidole, na mwenye duka aliye bize humwambia msaidizi, "kasajili wewe, nitakurudishia hela." Miaka miwili inapita, namba imechapwa kwenye mifuko, kwenye kibao cha duka, kwenye simu za wateja mia kadhaa. Wanaachana vibaya. Namba ni ya nani? Kwa kumbukumbu za kampuni ya simu, ni ya mwenye vidole. Namjua mama mmoja wa vitenge aliyelazimika kuchapa mifuko upya, na kwa wiki kadhaa wateja wake walikuwa wakipokelewa na mtu asiyemfanyia kazi tena. Mstari mmoja ungetosha: laini isajiliwe kwa jina la mwenye biashara kabla ya oda ya kwanza kujibiwa.