Mafaili yakitoweka kwenye Linux, usiunde folda mpya kabla hujaitafuta ya zamani

Msimu wa korosho ukishafunguka, kuanzia Oktoba, simu za kitengo chetu cha TEHAMA hapa Mtwara huongezeka, na nyingi huanza hivi: "Fundi, nimewasha mashine nimekuta kila kitu kimefutika." Anayepiga anaweza kuwa karani wa chama cha msingi, mwalimu wa Masasi au kijana wa stesheneri. Kompyuta imewaka, nywila imekubaliwa, lakini desktopu ni nyeupe. Wengine hata kuingia hawaingii: wanaandika nywila, skrini inazima kidogo, halafu inawarudisha palepale.

Kwa mnaotumia Linux (mfumo endeshi wa kompyuta, kama Windows ilivyo) na mifumo mingine ya jamii ya Unix, ombi langu la kwanza ni moja. Msiunde chochote kipya. Msisakinishe mfumo upya, msiunde folda wala akaunti nyingine, mpaka mjue ile ya zamani iko wapi. Mara nyingi mafaili yapo salama. Kilichopotea ni njia ya kuyafikia.

Kila mtumiaji ana saraka (yaani folda) yake ya nyumbani, ambayo kwenye Linux kwa kawaida hukaa ndani ya /home. Mfumo haubahatishi mahali pake. Unasoma mstari mmoja kwenye faili la /etc/passwd. Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, au bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja kama desktopu inakukatalia na uingie hapo kwa jina na nywila yako, kisha uandike: getent passwd karani, ukiweka jina la akaunti yako mahali pa karani. Utapata kitu kama hiki:

karani:x:1001:1001::/home/karani:/bin/bash

Hivyo ni vipande saba vilivyotengwa kwa nukta pacha, na cha tano hapa kiko wazi. Kitazame cha sita kwa makini, kwa sababu ndiyo anwani ya nyumba. Nimeshaona mtu aliyebadilishiwa jina la akaunti, anwani ikasomeka jina jipya huku folda ikiwa bado na jina la zamani. Mafaili yalikuwa hatua moja tu pembeni.

Anwani ikiwa sahihi, andika ls -ld /home/karani. Ukiambiwa hakuna kitu kama hicho, usikimbilie kuunda. Uliza kwanza kama diski yenyewe imepachikwa, yaani imeunganishwa na folda ili isomeke, au kama mafundi tunavyosema, imemauntiwa. Amri ya lsblk inaonyesha diski zote ambazo mashine inaziona, na findmnt /home inaonyesha ni ipi iliyopachikwa pale. Isipojibu kitu, maana yake /home haina diski yake peke yake kwa wakati huo. Fungua /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kupachikwa mashine inapowaka, uone kama ilipaswa kuwa nayo.

Hapa ndipo palipomuumiza karani mmoja aliyetuletea mashine. Kumbukumbu za wakulima zilikuwa kwenye diski ya pili, iliyopachikwa kwenye /home, na ndani ya fstab mtu alikuwa ameweka neno nofail, linaloruhusu kompyuta kuendelea kuwaka hata diski hiyo isipoonekana. Siku isiyoonekana, mashine iliwaka kama kawaida, /home ikiwa tupu. Kijana aliyeitwa kusaidia akaunda folda mpya, akamkabidhi karani, kazi ikaendelea siku tatu. Kazi hiyo yote ilikuwa inaandikwa kwenye diski ndogo ya mfumo. Tulipoirudisha diski ya pili, kumbukumbu za zamani zote zikaonekana, na za siku tatu zikafichika chini yake, kama mkeka unaotandikwa juu ya mkeka. Yule mama alishika kichwa. Tuliandika mount --bind / /mnt kwa mamlaka ya msimamizi, amri inayoonyesha diski ya mfumo bila kilichopachikwa juu yake, tukaingia /mnt/home/karani, tukazikuta zote, tukazinakili. Aliyemsaidia angefomati ile diski ya mfumo kwa kudhani haina kitu, mizani ya siku tatu ya wakulima ingekwenda.

Kama folda ipo lakini unanyimwa ruhusa, tazama ni mali ya nani. Linux haihifadhi jina la mwenye faili, inahifadhi namba yake. Diski ikihamishiwa kompyuta nyingine, aliyekuwa 1001 anaweza kuwa 1000 huko. Andika ls -ln uone namba, kisha msimamizi arekebishe kwa chown, amri ya kubadili mwenye faili.

Lile tatizo la kurudishwa kwenye nywila mara nyingi ni diski iliyojaa. Andika df -h, halafu df -i, kwani nafasi inaweza kuwapo lakini hesabu ya mafaili ikawa imefika mwisho. Kwenye ext4, mpangilio wa diski unaotumika sana kwenye Linux, asilimia 5 ya nafasi kwa kawaida huwekwa akiba kwa ajili ya msimamizi, ndiyo maana fundi anaingia vizuri na mwenye mashine anakwama.

Kuharibika kwenyewe kuna dalili zake. Umeme ukikatika ghafla mashine ikiwa inaandika, au diski ikianza kuchoka, mfumo hugeuka wa kusoma tu, na ukiandika dmesg utakuta maneno I/O error yakijirudia. Ukiyaona hayo, acha kuitumia diski hiyo. Ichukulie nakala nzima kwanza kwenye diski nyingine kwa ddrescue, programu ya kunakili diski inayoharibika, halafu ndipo ufikirie fsck, amri ya kukagua na kurekebisha diski, tena diski ikiwa imebanduliwa, yaani haijapachikwa. Kuendesha fsck kwenye diski iliyopachikwa kunaweza kuharibu hata kilichokuwa kizima. Baada ya fsck, chungulia folda ya lost+found: mafaili yaliyopoteza majina huwekwa humo kwa namba, na inabidi uyafungue moja moja kuyatambua. Ni kazi ya kuchosha, lakini nimeshapata humo daftari zima la malipo.

Ukiamua kutuletea mashine, leta na karatasi. Andika kilichotokea siku chache kabla, na kila ulichojaribu, hata kama unahisi umekosea. Hatumgombezi mtu. Yule karani aliandika mistari miwili: "Jumamosi nilifungua kava nikapangusa vumbi. Jumatatu nikakuta hamna kitu." Tulifungua kava, tukakuta waya wa diski ya pili umelegea na pini zake zimeshika kutu ya hewa ya chumvi. Tuliubadilisha, na lsblk ikaonyesha diski mbili.