Kabla Hujakata Fremu: Kugeuza Pikipiki Ndogo ya Tairi Pana Kuwa Traka

Mtu akitaka kubadilisha pikipiki ndogo ya tairi pana huanzia juu: tangi, siti, rangi, hendeli. Sisi tunaofundisha na kukagua kazi hizi tunashauri kuanzia chini. Kwenye pikipiki za aina hii tairi ni sehemu ya springi, ni sehemu ya gia, na ndiyo inayoamua fremu isimame kwa kimo gani na kwa mwinamo gani. Ukiibadilisha umegusa mambo hayo yote kwa pamoja, hata kama nia yako ilikuwa sura tu. Pikipiki nyingi nzuri kwa macho hutikisika mikononi kwa sababu tairi lilichaguliwa mwisho.

Pikipiki hizi zina ukoo wake. Suzuki ilitoa VanVan, zenye tairi nene kama za magari ya ufukweni, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Honda ikaleta Fat Cat mwaka 1986, na Yamaha ikafuata na TW200 mwaka 1987. Zilikusudiwa mchanga, matope na njia za shambani: injini ya silinda moja inayopozwa kwa hewa, siti ya chini, mwendo wa pole. Vijana wa mijini nchini Japani ndio walioziona kwa jicho jingine. Waliziondolea madigadi makubwa, wakashusha taa, wakarefusha nyuma. Mwaka 2000 mwigizaji Kimura Takuya alipoonekana juu ya TW iliyobadilishwa kwenye tamthilia ya televisheni, mtindo huo ukasambaa nchi nzima. Mwaka huohuo Honda ikaingiza sokoni FTR223, pikipiki iliyotoka kiwandani ikiwa tayari na sura ya traka, yaani pikipiki ya mbio za viwanja vya udongo.

Sura hiyo ya traka ilitoka Marekani, kwenye mbio za viwanja vya udongo vyenye umbo la yai. Waendeshaji huzunguka kwa kukata kushoto tu, gurudumu la nyuma likiteleza, mguu wa kushoto ukiburuzwa chini kwenye kiatu chenye soli ya chuma. Ndiko Harley-Davidson XR750 ilikojijengea jina tangu 1970, na ndiko Kenny Roberts alikotwaa ubingwa wa 1973 na 1974 akiwa na Yamaha. Hendeli pana, siti fupi yenye mkia ulionyanyuka, vibao vya namba ubavuni, magurudumu ya inchi 19 mbele na nyuma: kila kimoja kilikuwa na kazi uwanjani. Hendeli pana humpa mwendeshaji nguvu ya kuizuia pikipiki inapoteleza. Mkia wa siti humzuia asirudi nyuma anapofungua mafuta.

Kuna jambo moja la uwanjani ambalo halifai kuletwa barabarani hata kidogo, nalo ni kukosa breki ya mbele. Kwa miongo mingi pikipiki za mbio hizo hazikuwa na breki kabisa, na hata zilipoanza kufungwa breki ya nyuma, mbele pakabaki patupu. Wapo wanaoiondoa breki ya mbele ili gurudumu lionekane safi. Pikipiki inapofunga breki uzito huhamia mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Ya nyuma peke yake huburuza tairi, na mtu anayevuka barabara mbele yako hatapata nafasi ya kukwepa. Hapa hatuna mjadala.

Sasa tuje kwenye hesabu ya tairi. TW200 hutoka kiwandani na tairi la 130/80-18 mbele na 180/80-14 nyuma. VanVan ya 125 ina vipimo vilevile. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni asilimia ya upana huo inayotoa kimo cha ubavu, ya tatu ni rimu kwa inchi. Kwa tairi la nyuma, ubavu ni milimita 144. Zidisha kwa mbili, ongeza rimu ya milimita 356, unapata kipenyo cha milimita 644 hivi. La mbele linafika 665.

Chukulia mwenye pikipiki anataka magurudumu ya traka ya inchi 19, yenye tairi la mbio la kipenyo cha inchi 27.5, yaani karibu milimita 698. Nyuma kipenyo kimekua kwa takriban asilimia 8.5. Kila gurudumu likizunguka mara moja pikipiki inakwenda mbali zaidi kuliko zamani, kwa hiyo ni kama umepandisha gia zote tano kwa kiasi hicho. Kwa injini ya sentimita za ujazo 196 hiyo si tofauti ndogo. Mlima uliokuwa unaupanda kwa gia ya nne sasa utakudai ya tatu. TW200 ina sproketi (gurudumu la meno linalovuta cheni) ya meno 14 mbele na 50 nyuma. Ukitaka mvuto wa awali urudi, weka 54 nyuma, au shusha ya mbele iwe 13. Njia ya pili ni nafuu na inakaribia sana, ila sproketi ndogo hukunja cheni kwa pembe kali zaidi na kuimaliza mapema. Binafsi ningechagua sproketi kubwa ya nyuma.

Kama spidomita inachukua mwendo kutoka gurudumu la mbele, nayo itadanganya. Mbele kipenyo kimeongezeka kwa asilimia 5, kwa hiyo mshale ukionyesha 60 wewe uko 63.

Kimo nacho kimebadilika. Nyuma imepanda milimita 27, mbele 17. Tofauti ya milimita 10 kwenye pikipiki yenye urefu wa mita 1.3 kati ya ekseli na ekseli inasimamisha foku, yaani miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, kwa karibu nusu digrii. Nusu digrii peke yake inavumilika. Balaa huja fundi anapopandisha foku ndani ya vishikizo ili pua ishuke, kisha akafunga shokapu ndefu nyuma ili mkia upae. Kila moja ya hatua hizo inausimamisha usukani zaidi na kupunguza ule umbali unaolifanya gurudumu la mbele lijinyooshe lenyewe. Pikipiki inakuwa nyepesi kukata kona mjini, halafu kwenye mwendo wa kasi hendeli inaanza kucheza kushoto na kulia. Pima pembe ya foku kabla hujafungua bolti ya kwanza, iandike ukutani, na uipime tena kila hatua.

Wengine hawataki kabisa magurudumu ya inchi 19. Wanabaki na tairi nene na kurefusha swingamu, yaani mkono unaoshika gurudumu la nyuma, kwa mtindo wa Kijapani, gurudumu hilo likisogezwa mbali na injini. Mtindo huo unapendeza, nasi hatuupingi, lakini ndio unaoleta kazi mbovu kuliko yote tunayoiona. Ukirefusha swingamu na kuacha shokapu pale ilipokuwa, gurudumu linapata mkono mrefu wa kuibinya springi. Ugumu wa springi unaofika kwenye gurudumu hupungua kwa mraba wa urefu: swingamu ikiongezeka kwa asilimia 10, ugumu huo unashuka kwa karibu asilimia 17. Pikipiki inakaa chini nyuma, foku zinalala, na shimo dogo tu linaifikisha shokapu mwisho wa safari yake. Springi ngumu zaidi inahitajika, na inunuliwe pamoja na swingamu, si baada ya miezi ya kuteseka.

Usisahau pia mkono unaoshikilia bamba la breki ya dramu. Gurudumu linapofungwa breki, bamba lile linataka kuzunguka pamoja nalo, na kinachozuia ni kile kipande cha chuma kilichofungwa kwenye swingamu. Swingamu ikirefushwa na kipande kile kikaachwa kifupi, mafundi hukiunga kwa bati jembamba au kukitoboa upya karibu na ukingo. Kikikatika, bamba linazunguka, linavuta fimbo ya breki na gurudumu linakwama ghafla. Kitengenezwe upya kwa chuma cha unene uleule, na bolti zake ziwe na pini ya kuzuia kufunguka.

Kama swingamu yenyewe inachomelewa, kiungo kiwe na bomba la ndani linaloingia pande zote mbili, na mkato usiwe wa mraba bali wa mshazari ili mstari wa kuchomelea uwe mrefu. Chomoa betri na kisanduku cha moto wa plagi kabla ya kuwasha mashine. Na ile tabia ya kusaga mstari wa kuchomelea hadi uwe laini kabla ya kupaka rangi iachwe kwenye sehemu zinazobeba uzito: unachokisaga ni nguvu yenyewe.

Baada ya gurudumu kukaa mahali pake, toa springi ya shokapu, nyanyua gurudumu hadi shokapu ifike mwisho wa safari yake, na ulizungushe kwa mkono. Tairi lisiguse madigadi, waya, boksi la hewa wala cheni. Acha nafasi ya ziada, maana tairi hutanuka kidogo likizunguka kwa kasi. Kipimo hiki kinachukua dakika chache, na fremu haikatwi nyuma kabla hakijafanyika. Ukikata fremu ili kupata mkia mfupi, kumbuka kwamba pikipiki hiyo imekuwa ya mtu mmoja. Ondoa vikanyagio vya abiria siku hiyohiyo ili asije mtu akapakizwa kwa mazoea.

Upepo wa tairi nene unahitaji uangalifu wake. Wengi hupunguza upepo ili tairi litandae na lishike mchanga. Magurudumu haya ya spoki kwa kawaida yana tyubu ndani, na upepo ukiwa mdogo tairi huteleza juu ya rimu na kuiburuza tyubu. Dalili yake ni valvu iliyoinama. Nati ya valvu isikazwe hadi kwenye rimu; iache juu karibu na kifuniko ili uone mapema valvu ikianza kulala. Ukirudi kwenye lami, rudisha upepo kwenye kipimo cha mtengenezaji. Na soma ubavu wa tairi la mbio kabla ya kununua: mengine yamepigwa chapa kwamba ni ya mashindano tu, nayo hayajapimwa kwa lami yenye maji.

Hendeli pana hudai kebo ndefu. Washa injini iungurume taratibu, kata usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Mlio ukipanda, kebo ya mafuta inavutwa, na siku moja pikipiki itaongeza mwendo yenyewe katikati ya kona. Paipu ya breki nayo ibaki na ulegevu hata foku zikiwa zimenyooka kabisa.

Kuhusu chujio la wazi na bomba fupi la moshi: vyote viwili huongeza hewa kuliko mafuta. Injini inayopozwa kwa hewa hutegemea pia mafuta yenyewe kupunguza joto, kwa hiyo mchanganyiko mwembamba huipikia pistoni. Ukisikia milipuko midogo kwenye bomba unapoachia mafuta, na plagi ikatoka nyeupe, jeti za kabureta (vitundu vinavyopitisha mafuta) ziongezwe ukubwa. Boksi la hewa la kiwandani linaweza kufichwa vizuri nyuma ya kibao cha namba, na tungependa waendeshaji wengi zaidi wachague hivyo.

Taa hazina mengi. Indiketa za LED hupepesa haraka mno mpaka ubadilishe rilei (swichi ya umeme inayozipepesa), na taa ya nyuma isifichwe chini ya mkia kiasi kwamba dereva wa lori haioni.

Nchi nyingi zinataka mabadiliko ya fremu, breki na taa yakaguliwe upya, na bima inaweza kukataa kulipa kama haikuarifiwa. Ulizia mamlaka ya usajili na upige picha kabla ya msumeno kugusa chuma, kwa sababu picha za hali ya awali na vipimo ulivyoandika ukutani ndivyo mkaguzi atakavyovihitaji.

Safari ya kwanza iwe fupi, mahali pasipo magari, na spana mfukoni. Magurudumu yaliyofungwa spoki upya hulegea yanapokaa sawa, kwa hiyo yagonge spoki moja moja ukirudi. Inayotoa sauti nzito kuliko jirani zake imelegea. Kaza, endesha tena umbali mrefu kidogo, kisha urudie mpaka sauti zote zilingane.