Nilimwambia tafadhali!

Jana tena. Majirani wawili wa Majengo, mmoja kamzibia mwenzake njia kwa tuktuk, na sijakaa vizuri mkekani naambiwa: "Lakini mimi nilimwambia tafadhali!" Miaka yote ya upatanishi nimeisikia sentensi hii, na imenichosha.

Alisemaje hasa? "Tafadhali toa tuktuk yako hapa." Hiyo ni amri. Tafadhali haikuigeuza, imetangulia tu.

Mwarabu neno hilo humwambia mgeni anapomkaribisha: pita, keti, kula. Sisi tumelifanya la kuombea, kisha tukalibebesha adabu yote. Adabu ya Kiswahili imo ndani ya kitenzi. "Utoe" si "toa". "Naomba unitolee" ni zaidi: ile kauli ya kutendea inamfanya mwenzako kuwa mtu anayekufanyia hisani, na ni vigumu mtu kufanya hisani huku amekunja ngumi. "Hebu tuisogeze" inakutia na wewe kazini. Watu hawa wanazungumza Kiswahili tangu kuzaliwa, wanayajua haya yote, na hasira ikipanda wanarudi kwenye "toa"!

Kuna na salamu. Hapa Mombasa ukimwanza mtu na shida yako kabla ya sabalkheri na kuulizana hali za nyumbani, umeshamvunjia heshima. Wageni huona tunapoteza wakati. Lakini ule muda wa "watoto hawajambo? mama anaendeleaje?" humpa mwenzako nafasi ya kujiuliza umefuata nini, na nimeona mtu akiiondoa tuktuk yake mwenyewe kabla haijatajwa.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 159, inahimiza upatanishi. Maneno ya kupatanishia tunayatafuta wenyewe, na mengine hunishinda. Mafumbo, kwa mfano. Mtu anapita barazani, salamu kamili, kanga ina maneno ya upole, na aliyelengwa analala akilia. Sarufi yote iko sawa. Tena kuna mpangaji aliyekatiwa maji na mwenye nyumba. Nilimshauri aende kwa upole, akaenda, na maji hayakurudi kwa wiki tatu. Mpaka leo najiuliza kama nilimsaidia au nilimnyamazisha.

Yule wa Majengo aliyezibiwa njia nimemwomba arudi kesho asubuhi kwa jirani yake, amwite "ndugu yangu" kama zamani, na aanze na habari za mtoto aliyelazwa. Habari ya tuktuk aiache mpaka mwenzake aitaje.