Klasi si Picha: dhana potofu kuhusu klasi, methodi na michoro ya kompyuta

Mwanamke wa Mombasa akiingia duka la leso katika Barabara ya Biashara haulizi leso ni nini. Kabla haijakunjuliwa anajua kwamba itakuwa na pindo linalouzunguka mji, yaani sehemu ya katikati ya leso, na kwamba ndani yake mtakuwa na jina, yaani usemi ulioandikwa. Kinachomfanya aombe kuonyeshwa nyingine na nyingine ni rangi ya pindo, ua la mji na maneno ya jina. Huo ndio mfano ninaoutumia kuwafundisha vijana wa mji huu kuchora kwa programu, na sijapata ulio karibu nao zaidi. Hata hivyo, kila kundi jipya huja na dhana zilezile, na nyingi kati yake zina mzizi mmoja: klasi (maelezo ya kitu), objekti (kitu chenyewe kilichoundwa kutokana na maelezo hayo) na picha iliyo kwenye skrini huchukuliwa kuwa ni kitu kimoja, ilhali ni vitu vitatu.

Tunatumia lugha ya programu iitwayo Python na moduli yake ya turtle, ambamo kalamu ni kasa mdogo anayeacha wino nyuma yake kila anapokwenda.

Dhana: ukishaandika klasi, umeshachora

Mwanafunzi mmoja aliandika mistari ifuatayo kwa uangalifu mkubwa, akaiendesha, kisha akakaa akisubiri dirisha lifunguke.

import turtle

class Leso:
    def __init__(self, kalamu, x, y, rangi):
        self.kalamu = kalamu
        self.x = x
        self.y = y
        self.rangi = rangi

    def chora_pindo(self):
        self.kalamu.penup()
        self.kalamu.goto(self.x, self.y)
        self.kalamu.setheading(0)
        self.kalamu.color(self.rangi)
        self.kalamu.pendown()
        for mara in range(2):
            self.kalamu.forward(150)
            self.kalamu.left(90)
            self.kalamu.forward(100)
            self.kalamu.left(90)

Dirisha halikufunguka, wala kompyuta haikulalamika. Hakukuwa na kosa lolote katika alichokiandika. Ukweli ni kwamba klasi ni maelezo ya namna leso inavyokuwa na inavyochorwa, na maelezo peke yake hayana leso hata moja. Programu yake ilimweleza Python leso ni nini, ikaishia hapo. Ili picha ionekane, lazima kalamu iundwe, leso yenyewe iundwe kutokana na klasi, kisha leso hiyo iagizwe kuchora:

kalamu = turtle.Turtle()
ya_mama = Leso(kalamu, -200, 0, "red")
ya_mama.chora_pindo()
turtle.done()

Mstari wa mwisho huliacha dirisha wazi. Bila huo, programu inayoendeshwa kutoka kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) humaliza kazi na kulifunga dirisha kabla jicho halijaiona picha.

Katika jaribio lake la pili mwanafunzi huyo aliandika ya_mama.chora_pindo bila mabano. Dirisha lilifunguka na kasa akabaki katikati bila kusogea, na kwa mara nyingine hapakuwa na ujumbe wa hitilafu. Jina la methodi (kazi iliyoandikwa ndani ya klasi, kama chora_pindo) bila mabano huitaja kazi tu. Mabano ndiyo yanayoagiza kazi ifanywe. Ninalisisitiza jambo hili kuliko mengi mengine, kwa sababu kosa lisilo na ujumbe humfanya anayeanza adhani kwamba yeye ndiye asiyeelewa, ilhali amesahau alama mbili tu.

Dhana: picha ndiyo objekti, kwa hiyo ukiibadilisha objekti, picha itabadilika

Hii ndiyo dhana iliyo nzito kuliko zote. Mwanafunzi akishaichora leso nyekundu huandika ya_mama.rangi = "blue" na kutarajia pindo ligeuke buluu mbele yake. Halitageuka. Objekti imo ndani ya kumbukumbu ya kompyuta na sasa rangi yake ni buluu kweli, lakini wino ulioachwa na kasa hauna uhusiano wowote na objekti hiyo. Ni kama nahodha aliyebadilisha njia ya jahazi lake: mstari alioupiga jana kwenye ramani hausogei, mpaka aufute na kupiga mwingine.

Kwa hiyo kazi sahihi ina hatua tatu: badilisha sifa, futa wino, kisha ita chora_pindo() upya. Hapa kuna mtego ambao mimi mwenyewe uliwahi kunisumbua alasiri nzima. Methodi ya clear() hufuta kila kilichochorwa na kasa husika, bila kugusa michoro ya kasa wengine. Kama leso tano zinatumia kalamu moja, kuifutia leso moja kutazifuta zote tano. Kila leso inayotarajiwa kubadilika basi na ipewe kalamu yake.

Si kila chombo cha michoro kinafanya hivyo, na tofauti hiyo inafaa kujulikana mapema. Turubai ya tkinter, moduli ya Python ya kutengenezea madirisha, hukumbuka kila umbo lililowekwa juu yake: create_rectangle hurudisha namba ya utambulisho, na kwa namba hiyo umbo linaweza kusogezwa kwa methodi ya move bila kufutwa. Processing, chombo cha kuchora kwa programu kilichoanzishwa mwaka 2001 na Casey Reas na Ben Fry, huchora upya tena na tena, kwa kawaida mara 60 kwa sekunde, na mchoraji asiposafisha mandhari kila mara, picha za zamani hubaki chini ya mpya kama alama za magurudumu kwenye mchanga wenye unyevu.

Uhusiano wa klasi na michoro ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa katika chuo cha MIT nchini Marekani, alionyesha programu ya Sketchpad, ambayo ilimwezesha mtu kuchora umbo kuu mara moja na kutoa nakala nyingi; umbo kuu likibadilishwa, nakala zote zilibadilika. Neno klasi lenyewe lilikuja na lugha ya Simula 67, kazi ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Norwei. Kasa naye ametoka katika Logo, lugha ya mwaka 1967 ya Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon. Wanaosema kwamba michoro ni mchezo wa watoto kabla ya programu zenyewe hawajaitazama historia hiyo.

Dhana: alama ya usawa hutoa nakala

Leso huuzwa kwa doti, vipande viwili vinavyofanana. Mwanafunzi anayetaka doti huandika ya_pili = ya_kwanza na kuridhika. Kisha anaisogeza ya pili kwa kuandika ya_pili.x = 50, anazichora zote mbili, na anaona moja tu. Ukweli ni kwamba hakuwa na doti. Alikuwa na leso moja yenye majina mawili, na kilichofanywa kwa jina moja kimefanywa kwa leso ileile. Doti hupatikana kwa kuiita klasi mara mbili, yaani kuandika Leso pamoja na mabano yake kwa kila kipande. Hapo kipande kimoja kikiingia doa, cha pili hubaki safi.

Dhana: self ni neno la siri la Python

Si la siri, na wala si neno lililohifadhiwa na lugha. Ni jina la kawaida la kipokezi cha kwanza cha methodi, yaani jina la kwanza ndani ya mabano yake, na kupitia hapo methodi hujua inaichorea leso ipi. Kuandika ya_mama.chora_pindo() ni sawa na kuandika Leso.chora_pindo(ya_mama). Ndiyo maana anayeisahau self katika mabano ya methodi huambiwa kwamba methodi haipokei hoja yoyote (kitu inachopewa kupitia mabano) lakini imepewa moja, naye huapa kwamba hakuipa kitu. Iliyopewa ni leso yenyewe.

Dhana: namba za mahali zina maana moja kila mahali

Kasa huanzia sifuri na sifuri iliyo katikati ya dirisha, akitazama kulia, na namba ya y ikiongezeka hupanda juu. Katika tkinter, Java na Processing, sifuri iko pembe ya juu kushoto na y ikiongezeka hushuka. Mwanafunzi aliyezihamisha namba za dau lake kutoka kwa kasa kwenda tkinter alipata mlingoti na tanga vimezama majini na dau zima limepinduka, ingawa moduli ya turtle yenyewe imejengwa juu ya tkinter.

Duara nalo lina yake. Wengi hudhani circle(30) huchora duara ambalo kitovu chake ni pale aliposimama kasa. Kitovu kiko pikseli 30 upande wake wa kushoto, kwa hiyo kasa anayetazama kulia hupata kitovu juu yake. Anayetaka ua likae katikati ya mji amshushe kasa kwanza kwa kipimo cha nusu kipenyo. Kuhusu pembetatu yenye pande sawa, kasa hugeuka nyuzi 120 wala si 60, kwa kuwa anageuka kwa pembe ya nje.

Dhana: bila klasi huwezi kuchora, na majina yote lazima yawe ya Kiingereza

Pindo moja lichorwe kwa mistari kumi bila klasi. Klasi hufaa leso zikiwa nyingi, kila moja na hali yake. Majina ya klasi na methodi ni yako: klasi ikae kama nomino, Leso au Jahazi, na methodi kama kitenzi cha amri, chora au sogea, na msimbo utasomeka vizuri kwa Kiswahili. Yasiyobadilika ni maneno ya lugha yenyewe, kama class na def, pamoja na majina ya rangi, kwa sababu kasa akipewa "nyekundu" atakataa; andika nyekundu = "red" mara moja juu ya programu, kisha utumie jina lako bila alama za kunukuu. Ritifaa pia haikubaliki ndani ya jina, kwa kuwa Python huisoma kuwa ni mwanzo wa maandishi, hivyo klasi ya ng'ombe itabidi iitwe Ngombe. Faili nalo lisipewe jina turtle.py hata kidogo, maana Python italichukua hilo badala ya moduli na kusema kwamba haimjui Turtle, liite doti_yangu.py.