Wa kwanza kuuawa Modini hakuwa Mgiriki

Juzi nimeulizwa tena, safari hii na mwanafunzi aliyekwisha kufaulu somo langu: "Mwalimu, vita vya Wamakabayo, ule uasi wa Matathia na wanawe, si vilikuwa vya Wayahudi na Wagiriki tu?" Swali hilo nimelijibu darasani, kanisani, hata msibani. Sasa naliandika.

Fungueni 1 Wamakabayo sura ya 2. Kama Biblia yako haina vitabu vya deuterokanoni, azima kwa jirani Mkatoliki. Ni mwaka 167 K.K. Wajumbe wa Antioko wa Nne, mfalme wa Kigiriki aliyetawala Shamu na Uyahudi, wamefika Modini, mji mdogo wa Uyahudi, kuwashurutisha watu watoe sadaka ya kipagani, na kuhani mzee Matathia amekataa. Alipomaliza tu kusema, Myahudi mmoja akajitokeza mbele ya macho ya wote ili aitoe. Matathia akamrukia, akamuua palepale madhabahuni. Ndipo akamgeukia mjumbe wa mfalme. Mgiriki alikuwa wa pili! Mwandishi hakuficha kitu. Sisi ndio tunaouruka mstari huo.

Ugomvi wenyewe ulikuwa umeanza miaka minane nyuma, Yasoni alipomwahidi mfalme fedha ili apewe ukuhani mkuu wa ndugu yake Onia, na ruhusa ya kujenga jimnazio, yaani uwanja wa mazoezi wa Kigiriki, Yerusalemu. Hapa naomba tutulie, maana ndipo ninapokereka zaidi. Watu husema kundi la Yasoni lilikuwa la "wasio na dini". Yasoni alikuwa kuhani mkuu! 2 Wamakabayo 4 inawalaumu makuhani kwa kuacha sadaka na kukimbilia kurusha kisahani. Mtu haachi zamu ya madhabahuni kama hana zamu. Ni kweli wako waliojirudishia govi, lakini si wote walifika huko.

Someni kisa cha Tiro, sura hiyohiyo. Yasoni anatuma drakma 300 za fedha kwa ajili ya sadaka ya Herkule, aliyeabudiwa kama mungu mjini humo. Wanaozibeba ni watu wake mwenyewe, wafuasi wa mtindo mpya. Njiani au walipofika, dhamiri ikawasuta, wakaomba fedha zile zitumike kutengenezea merikebu za vita. Jimnazio waliikubali, lakini sadaka kwa sanamu iliwashinda. Kila nikifundisha sura hii nakaa kwa watu hao muda mrefu kuliko kwa Yuda Makabayo, mwana wa Matathia aliyeongoza vita, kwa sababu vitabu vyetu vya kiada havina safu ya kuwaweka.

Kuna jambo linalonisumbua. Wafalme wa Kigiriki kwa kawaida hawakujali raia wao wanaabudu nini, sasa kwa nini Antioko apige marufuku tohara na Sabato? Mwanahistoria Elias Bickerman alidai mwaka 1937 kwamba msukumo ulitoka kwa Wayahudi wapenda mambo ya Kigiriki wenyewe. Mwenzake Victor Tcherikover akasema uasi wa Wayahudi ulitangulia, amri ikafuata. Mimi nilifundisha la kwanza kwa miaka, leo naegemea la pili, na bado halinishibishi.

Washindi nao, yaani upande wa Matathia? 2 Wamakabayo, kitabu kinachoulaani utamaduni wa Kigiriki, kiliandikwa kwa Kigiriki. Mfalme Aleksanda Yanai, kitukuu cha Matathia, alipiga sarafu zenye jina lake la Kiebrania, Yehonatani, upande mmoja, na upande wa pili "Aleksanda" kwa Kigiriki.

Kwa hiyo msiniambie Israeli ya leo ina makundi mawili, hiloni asiyeshika dini na haredi, mshika dini mkali mwenye kanzu nyeusi. Mvutano upo, tena mkali. Mwaka 1947 Ben-Gurion, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Israeli na ambaye hakuwa mtu wa sinagogi, aliwaahidi kwa barua Agudat Israel, chama cha maharedi, kwamba Sabato, kosheri (sheria za chakula), ndoa na shule za dini vitalindwa. Ndiyo maana mpaka leo wasiotaka kufungishwa ndoa na rabi huenda kuifunga Kupro. Juni 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba hakuna sheria inayowaruhusu wanafunzi wa yeshiva, vyuo vya dini, kukwepa jeshi, na maharedi wakajaa barabarani.

Lakini katikati wamo wamasorti, Wayahudi wanaoshika mila za dini kwa kiasi, wengi wao wa familia zilizotoka Moroko, Iraki na Yemeni. Ijumaa jioni, Sabato inapoanza, mmasorti anavaa kipa, ile kofia ndogo, na kusikiliza baraka ya divai mezani kwa mama yake. Jumamosi mchana, Sabato bado haijaisha, anawasha gari kwenda kutazama mpira, na haoni kwamba amehama upande.