Chuku, Chumvi au Upotoshaji? Neno Sahihi Katika Barua ya Malalamiko

Barua zinazofika ofisi za kulinda watumiaji bidhaa, kuanzia Kisumu na Kakamega hadi Nakuru, nyingi zina sentensi moja: "Muuzaji alitia chumvi." Sentensi hiyo haitusaidii sisi tunaozisoma barua hizo. Chumvi hutiwa kwenye mboga iliyopo, kwa hiyo ukiandika hivyo umekubali kwamba msingi wa maneno yake ulikuwa kweli.

Anayesema jiko lake ni "kiboko ya majiko yote" amepiga chuku. Hakuna mizani ya kupima sifa hiyo, na hatuwezi kumfungulia mtu faili kwa sababu ya mbwembwe. Lakini akisema jiko hilo linatumia gorogoro (kopo la kupimia) moja ya makaa kwa siku tatu, ametoa kipimo. Kisipotimia, andika "maelezo ya uongo" au "maelezo yanayopotosha". Usikimbilie "tapeli", kwa maana hapo unadai alikusudia kukuibia, na itabidi uthibitishe.

Sheria ya Kenya ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kukuza jambo la msingi kiasi cha kumdanganya mnunuzi. Mnunuzi aliyedanganywa hivyo anaweza kuvunja makubaliano kwa kutoa notisi ndani ya mwaka 1 tangu yalipofanywa: mwaka huo huhesabiwa tangu siku ya makubaliano, si siku ulipogundua udanganyifu. Chini ya Sheria ya Ushindani ya 2010, maelezo ya uongo kuhusu bidhaa yanaweza kuleta kifungo kisichozidi miaka 5, faini isiyozidi shilingi milioni 10, au vyote viwili. Adhabu hizo hutolewa na mahakama, si karani anayepokea barua yako, hata ukimpigia simu kila asubuhi.

Nukuu maneno ya muuzaji jinsi alivyoyasema au yalivyochapishwa kwenye katoni, kisha weka kipimo chako kando yake. Mfano: "Katoni inasema taa inawaka kwa muda wa saa 12. Niliichaji juani kutwa, nikaiwasha saa 1 jioni, ikazima saa 5 usiku. Nilirudia mara tatu." Taja pia kiwango cha mwanga ulichotumia. Taa nyingi za sola zina viwango kadhaa, na saa zinazotangazwa mara nyingi ni za kile hafifu kabisa. Ukipima kwa mwanga mkali, muuzaji atakushinda hapo hapo.

Jambo jingine, na hili linachosha: walalamishi nao hupiga chuku. "Jiko linamaliza gunia zima kwa siku," anaandika mtu ambaye risiti zake zinaonyesha gorogoro mbili. Muuzaji atapewa nakala ya barua hiyo ajibu, na ataanzia sentensi hiyo. Andika gorogoro mbili. Ambatisha risiti, picha ya tangazo na ujumbe wa simu kama upo. Nakala zinatosha, hati halisi baki nazo.